Mnunulieni karatasi, mwachieni penseli

Toyota wanaendesha shindano la watoto la kuchora gari la ndoto tangu 2004. Kila nchi inayoshiriki hushindanisha watoto wake, kisha picha bora hupelekwa Japani. Makundi ni matatu: chini ya miaka 8, miaka 8 hadi 11, na miaka 12 hadi 15. Kwa sisi tulio Marekani tunaotumiwa picha na ndugu zetu wa Tanzania, tofauti iko wazi: mawazo ya watoto wa nyumbani ni mazito kuliko ya huku, ila yanaharibikia kwenye karatasi na mikononi mwa watu wazima.

Mtoto wa huku hupandishwa gari mlangoni kwao na kushushwa mlangoni mwa shule. Mwambie achore gari la kesho, atakupa gari la kawaida lenye mabawa, au atamweka shujaa wa katuni kwenye usukani, na wahusika wenye hakimiliki hawaruhusiwi. Mtoto wa Dar anajua kugombea daladala na sare yake imenyooshwa. Ukimuuliza vizuri atakuchorea basi la mwendokasi linalorefusha miguu maji yakijaa bonde la Jangwani. Muulize linambeba nani, linaendeshwa na nini, linaondoa shida gani, kisha nyamaza. Maelezo mafupi ya picha yaandikwe kwa maneno yake hayohayo.

Karatasi sasa, maana hapa ndipo tunapopoteza. Karatasi ya fotokopi ni gramu 80 kwa mita ya mraba. Ikilowa rangi ya maji inavimba, inajikunja, rangi inatuama kwenye mabonde, na brashi ikirudi mara ya pili inachubuka. Huku bloku ya karatasi nzito za gramu 300 inauzwa kwenye maduka ya kawaida. Jamani, tunaojaza masanduku viatu kila Desemba, tutie na bloku moja. Isipopatikana, nunua manila nyeupe ngumu na mtoto atumie krayoni au penseli za rangi, aachane na maji kabisa.

Anayetumia maji abandike kingo zote nne kwenye ubao kwa selotepu ya karatasi, asiibandue mpaka picha ikauke kabisa. Kipindi cha masika Dar aiache usiku kucha kabla ya kuongeza rangi juu ya rangi. Aanze na penseli ya HB bila kukandamiza, kwani mfereji wa penseli haufutiki. Panapotakiwa kubaki peupe apake krayoni nyeupe, kwa kuwa nta hufukuza maji. Rangi hafifu zitangulie, nzito zifuate. Wino uje mwisho, na uwe usioyeyuka: kalamu ya rangi ya kawaida ikikutana na brashi yenye maji, anga lote linageuka kijivu.

Gari lijaze karatasi. Watoto wengi huanza na gurudumu, na likishakuwa dogo gari zima linakuwa dogo. Waanze na umbo la nje.

Halafu mjomba anakuja na rula. Ananyoosha mistari, anaongeza kivuli, anaandika jina la gari kwa herufi za bango. Kwa kufanya hivyo anamharibia mtoto. Gari lililopimwa kwa rula, likiwa na abiria wenye vidole sita, linamwonyesha jaji kuwa wamechora watu wawili, na anayeumia ni mtoto aliyechora vile vidole. Huku walimu wengi wa sanaa wana desturi ya kuonyesha kwenye karatasi nyingine bila kugusa ya mtoto. Tuichukue hiyo, haina gharama yoyote.

Picha isikunjwe. Iviringishwe, upande uliochorwa ukiwa nje, ndani ya bomba la kadibodi. Ikitumwa kwa simu, ilaze karibu na dirisha, zima flashi, na simu iwe sambamba na karatasi. Ukiiinamisha, upande mmoja wa gari unatoka mfupi.