Septrin ya kila siku kwa mtoto wa figo: tunakinga nini?

Neno "kubabuka" Watanzania wengi tunalijua tangu enzi za Fansidar. Mwaka 2001 nchi iliacha klorokwini, ikaweka dawa za salfa kuwa tiba ya kwanza ya malaria, na kila mtaa ukawa na habari ya mtu aliyemeza akachunika ngozi. Salfa ya jamii hiyo imo pia ndani ya Septrin, ambayo baadhi ya watoto ambao mkojo wao hurudi kutoka kibofuni kwenda kwenye figo hupewa kila siku, kwa miezi, ili wasipate UTI.

Sababu ya kuwapa ina uzito. UTI yenye homa inaweza kuacha kovu kwenye figo. Utafiti wa RIVUR wa Marekani, uliotangazwa mwaka 2014, ulifuatilia watoto 607 wenye tatizo hilo, na Septrin ilipunguza UTI za kujirudia kwa nusu. Aliyekesha na mtoto anayechemka homa hawezi kuiita nusu hiyo ndogo. Tena watoto walio wengi huinywa bila hata kipele.

Lakini utafiti huohuo haukuona makovu ya figo yakipungua, na makovu ndiyo tunayoyaogopa. Vijidudu vya walioumwa tena vilikuwa sugu zaidi kwa dawa hiyo. Figo zikiwa zimechoka, dawa hukawia mwilini na potasiamu inaweza kupanda, hivyo dozi lazima ipunguzwe. Halafu kuna ugonjwa wa Stevens-Johnson, yaani ule mbabuko mkali wa ngozi: hutokea kwa nadra sana, ila ukitokea unaweza kuondoka na macho ya mtoto, hata uhai wake.

Mimi nisingempa kila mtoto. Mwenye tatizo kali, anayeugua UTI mara kwa mara, ningekubali apewe, mradi mama aambiwe dalili za kubabuka. Hapo ndipo panaponiuma. Mbabuko huu huanza mara nyingi kati ya siku ya 4 na ya 28, mtoto akiwa nyumbani. Homa, macho mekundu, vidonda mdomoni na ngozi inayouma ikiguswa hudhaniwa ni surua, na dozi inaendelea. Dawa isimamishwe, mtoto afikishwe hospitali siku hiyohiyo pamoja na chupa yake. Ikithibitika ni salfa, iandikwe kwa herufi kubwa kwenye kadi ya kliniki, maana mwakani akikohoa, duka la dawa litamuuzia mama Septrin ileile bila kumuuliza neno.