Vilele vya Mlima Kenya: jina lipi libaki, lipi liondoke

Kila mjadala wa majina ya Mlima Kenya huanzia juu kabisa: Batian (mita 5,199), Nelion (mita 5,188) na Lenana (mita 4,985). Wanaotaka yabadilishwe wanasema mlima umezungukwa na Wakikuyu, Waembu na Wameru, iweje vilele vibebe majina ya malaiboni, viongozi wa kiroho wa Kimaasai, tena yaliyotolewa na Mwingereza? Aliyeyatoa ni Halford Mackinder, aliyefika Batian tarehe 13 Septemba 1899 pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel. Mbatian alikuwa laiboni mkuu, Nelieng ndugu yake, Olonana mwanawe.

Hoja hiyo ina uzito, ila inaisahau Laikipia. Uwanda ule wa kaskazini-magharibi ulikuwa malisho ya Wamaasai mpaka serikali ya kikoloni ilipowaondoa na kuwapeleka kusini, kati ya 1911 na 1913. Nao walikuwa na jina lao la mlima, Ol Doinyo Keri. Kuyafuta majina ya malaiboni ni kuwahamisha mara ya pili. Kirinyaga, jina la Wakikuyu, kwa upande wake ni la mlima mzima, si la kilele kimoja. Hata “Kenya” limetokana na Kiinyaa ya Wakamba, jina alilolisikia mmisionari Mjerumani Krapf alipouona mlima kutoka Kitui mwaka 1849. Mahali pa Kirinyaga ni kwenye vibao vya malango yote ya hifadhi, kwa herufi kubwa sawa na Mlima Kenya.

Upande wa pili, wanaotaka majina yabaki, wana hoja ya usalama, na mpandaji yeyote ataielewa. Lenana hupandwa kwa miguu. Nelion na Batian ni kamba na miamba. Mlima uko kusini kidogo tu mwa ikweta, kwa hiyo jua huhama upande: Januari na Februari hukausha uso wa kusini-mashariki wa Nelion, ule waliopitia wapandaji Shipton na Wyn-Harris mwaka 1929, Julai na Agosti hukausha uso wa kaskazini wa Batian. Anayekwenda uso wa kusini-mashariki mwezi Agosti atakuta nyufa za kushikia zimejaa barafu, mwendo utapungua, mawingu ya mchana yatamkuta ukutani, na wakati wa kushuka kamba itanasa asione iliponasa. Tofauti ya vilele hivyo viwili ni mita 11 tu, lakini kati yake kuna pengo la Lango la Ukungu, na kulivuka kwenda na kurudi kunaweza kumaliza siku. Akipiga simu ya msaada, neno moja, Nelion au Batian, ndilo linalowaambia waokoaji wapande upande gani. Ramani na maelezo ya njia yote yameandikwa kwa majina hayo. Kwa vilele vitatu, basi, naona yabaki.

Lakini hoja hiyohiyo ya usalama inageuka ukishuka mabondeni. Kambi ya Mackinder, yenye kimo cha takriban mita 4,200, iko Bonde la Teleki, magharibi, kwenye njia ya Naro Moru. Bonde la Mackinder liko kaskazini, kwenye njia ya Sirimon, na kambi iliyo ndani yake inaitwa Shipton. Njia ya Naro Moru ndiyo inayopandisha watu haraka: kutoka Kituo cha Hali ya Hewa, mita 3,050, hadi Kambi ya Mackinder ni zaidi ya mita 1,100 kwa siku moja, sehemu yake kwenye matope ya mteremko mkali. Wengi huumwa kichwa usiku huo. Wengine mapafu hujaa maji, na dawa ya kweli ni kushushwa mara moja, gizani hivyohivyo. Ujumbe wa “tuna mgonjwa kwa Mackinder” unaweza kuwa na maana mbili, na kati ya mabonde hayo mawili kuna vilele vyenyewe.

Jina lianze kubadilishwa hapo. Kisoi Munyao aliibeba bendera ya Kenya hadi Lenana Desemba 1963, usiku wa uhuru. Kambi ya Mackinder ikiitwa Kambi ya Munyao, bonde la kaskazini litabaki na Mackinder wake, na anayeomba msaada usiku ataeleweka yuko upande gani.