Saa za rubani kwenye Excel: jumla iko sawa, kumbukumbu je?

Kampuni yenye marubani sita haina haja ya programu ya gharama kubwa ili ijue nani anakaribia ukomo wa saa anazoruhusiwa kisheria. Ndivyo wanavyosema watetezi wa Excel, na kwa sehemu kubwa nakubaliana nao. Jedwali hufunguka hata pasipo mtandao, na ukitilia shaka jumla unabofya seli ukaona imetoka wapi. Programu nyingi za kupanga zamu hukupa jibu tu.

Tabu huanzia kwenye saa zenyewe. Rubani akiripoti 21:30 na kumaliza 06:15, kutoa kwa kawaida huleta hasi na seli hujaa alama za ####. Kosa hilo angalau linapiga kelele. Baya zaidi ni la kimya: jumla ya 98:40 husomeka 2:40 kama seli haikupangwa kuonyesha saa zinazozidi 24. Aliyekaribia ukomo anaonekana kama ametoka likizo jana!

Tena ukomo haufuati kalenda. Kwa ndege za abiria, Ulaya inaruhusu saa 100 za kuruka katika siku 28 mfululizo. Marekani inaruhusu 100 hizohizo katika saa 672 mfululizo, ambazo ni siku zilezile 28. Mchukue rubani mwenye saa 85 Juni na 90 Julai. Karatasi zote mbili ni za kijani, yaani kila mwezi uko chini ya 100. Lakini kama 55 za Juni aliziruka kuanzia tarehe 16, na 50 za Julai kabla ya tarehe 14, amefikisha 105. Anayefungua karatasi mpya kila tarehe mosi haoni kitu.

Hayo yote yana dawa, fomula mbili tatu zinatosha. Ninaloshindwa kulitetea ni jingine: mpangaji zamu aliyebanwa anaweza kufuta 06:15 akaandika 05:45, na faili la kawaida kwenye kompyuta yake halitunzi alama ya badiliko hilo. Ni kweli programu nayo hudanganywa, ila nzuri huandika nani kabadilisha nini na lini.

Kwa hiyo kwa rubani binafsi, Excel ni chombo kizuri sana, na ningemshauri awe nayo hata kama kampuni ina mfumo wake. Kwa kampuni, isiwe kumbukumbu pekee. Rubani alinganishe nakala yake na ya ofisini kila wiki. Zikipishana dakika 30, aulize siku hiyohiyo, kabla ya kupanda ndege tena.