Wembe kwenye orodha ya mahitaji

Shangazi yangu alipopangiwa operesheni ya uvimbe kwenye kizazi, tulikabidhiwa karatasi ya vitu vya kununua: glavu, pamba, nyuzi, wembe. Wembe wa kumnyolea yeye, usiku wa kuamkia upasuaji.

Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2016 inaukataa wembe huo. Nywele ziachwe, na zikizuia kazi zipunguzwe kwa mashine, kwa sababu wembe unachubua ngozi na bakteria wanapata pa kuingilia. Inataka pia antibiotiki ya kinga itolewe ndani ya dakika 120 kabla ya kisu, isiendelezwe baada ya operesheni kwisha. Shangazi aliruhusiwa na dozi ya siku saba.

Daktari wake si kwamba hajui. Ninachokiona ni woga: kidonda kikitunga usaha ataulizwa yeye, ila hakuna ndugu atakayemfokea kwa kuzidisha dawa. (Sisi tulizinunua zote, na tulishukuru.) Intani naye anaandika alichoona bosi wake akiandika.

Kwa hiyo sina imani na semina nyingine wala bango jipya peke yake. Orodha ya usalama wa upasuaji, karatasi ya mambo ambayo timu huyahakiki kwa kila operesheni, ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, Ifakara ikiwemo, na vifo vikashuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Ilipopelekwa hospitali 101 za Ontario, Kanada, utafiti wa 2014 haukukuta tofauti ya maana kwenye vifo. Karatasi ni ileile.

Mfano unaonivutia ni wa Hospitali ya Thika, Kenya. Huko nako antibiotiki zilikuwa zikitolewa karibu zote baada ya upasuaji. Hospitali ikaandika sera yake yenyewe, na ndani ya wiki chache karibu kila mgonjwa alikuwa anapata dozi kabla ya kisu. Maambukizi ya juujuu ya vidonda yakapungua.

Sera ya namna hiyo, ikiandikwa na wenye kazi, italazimika kumtaja mtu. Kwetu hakutajwa yeyote. Nilipouliza nani alimchoma shangazi sindano ya kinga kabla ya kuingia, wodini waliniambia hiyo ni kazi ya watu wa usingizi. Watu wa usingizi wakasema mgonjwa huja ameshachomwa wodini.