Ripoti ya Moynihan: maadili yanapoingia katika utafiti

Mwaka 1965 Daniel Patrick Moynihan, msomi aliyekuwa na cheo cha juu katika Wizara ya Kazi ya Marekani, aliandika ripoti kuhusu familia za Wamarekani weusi. Alionyesha kwamba karibu robo ya watoto wao walizaliwa nje ya ndoa, akataja chanzo: utumwa, ubaguzi na wanaume kukosa kazi. Ripoti ilizua hasira kubwa, na mwaka 1971 mwanasaikolojia William Ryan alitoa kitabu kizima kupinga tabia ya kumlaumu aliyeonewa.

Hasira hiyo ilikuwa na msingi. Moynihan alizieleza familia hizo kwa lugha ya maradhi, na kipimo chake cha afya kilikuwa nyumba inayoongozwa na baba. Kipimo hicho hakukikuta kwenye takwimu, alikuja nacho. Takwimu zinaweza kusema mtoto analelewa na mama peke yake, lakini haziwezi kusema nyumba hiyo inaumwa. Mwanaanthropolojia Carol Stack, aliyechapisha utafiti wake kuhusu familia maskini za weusi mwaka 1974, alikuta bibi, shangazi na marafiki wakisaidiana kulea watoto, wakipeana chakula, nguo na fedha. Aliwaendea watu hao kwa heshima, akaona ukoo pale ambapo wengine waliona pengo. Huo nao ni msimamo wa kimaadili, na ulizaa maarifa.

Lakini maadili hayohayo yanaweza kufunga midomo. Mwaka 1987 William Julius Wilson, mwanasosholojia mweusi, aliandika kwamba baada ya ugomvi ule watafiti wengi wa mrengo wa kiliberali waliikwepa mada hiyo kwa kuogopa kuitwa wabaguzi. Wahafidhina wakabaki na uwanja, wakidai misaada ya serikali ndiyo iliyovunja familia.

Mwanasosholojia wa Kijerumani Max Weber alikubali kwamba maadili humchagulia mtafiti swali. Alichokataa ni maadili kumpa jibu. Naafiki, ila naongeza kwamba hukumu hujificha hata katika maneno ya kueleza tu, na hapo ndipo Moynihan alipojikwaa. Kinachoniuma zaidi ni suala la ajira. Moynihan aliamini wanaume weusi walihitaji kazi, lakini ripoti yake haikupendekeza mpango wowote mahususi. Wakosoaji wake nao walidai kazi. Jambo ambalo pande zote mbili zilikubaliana ndilo lililopotea katika kelele, huku viwanda vikiendelea kuhama mijini.