Mzee kahasiwa, ukweni wakalia

Naomba nisimulie mwenyewe hii kitu kabla hamjaisikia kwa watu, maana hapa Tabata wana ya kwao na ukweni wana ya kwao.

Tulinunua sungura wawili, muuzaji akaapa wote majike. Sijui lile jike moja lilibadilika lini, ninachojua siku moja nikakuta vitoto sita kwenye banda. Watoto wakambatiza yule dume Mzee, na mwenzake Bibi. Sasa kama hujawahi kufuga sungura, mimba yao ni siku 31 hivi, na jike akizaa leo leo hiihii anaweza kupandwa tena akashika. Na Mzee hakuwa mtu wa kupoteza mda. Tukafika kumi na saba, nikawa nagawa sungura kama kadi za harusi, majirani wanauliza hawa ni wa rosti au wa mchuzi mpaka wanangu wanalia. Na siku Bibi akimkataa anaparamia kandambili za mume wangu, akimaliza anarusha mkojo ukutani.

Nikasema basi, ahasiwe. Mume wangu alikuwa Dodoma kikazi, nilipomwambia kwenye simu akanyamaza kidogo, afu akasema "mwanaume mwenzangu huyo, mfanyieni taratibu."

Mimi najua mgonjwa wa operesheni hali usiku wa kuamkia, kwahiyo nikamnyima mchicha. Daktari wa mifugo alinigombeza kama mtoto. Kumbe sungura hawezi kutapika, kwahiyo hamna sababu ya kumfungisha, na utumbo wake ukisimama tu ndo hatari inapoanzia. Operesheni yenyewe haikuchukua mda, masharti ndo marefu. Maranda nitoe yote yasije yakaganda kwenye kidonda, nitandike taulo na magazeti. Bibi asimsogelee wiki nne mpaka sita maana kuna mbegu zimebaki na bado zina nguvu. Na kubwa kuliko yote, ale na anye. Zikipita saa 12 kimya, nimtafute hata usiku wa manane.

Basi usiku huo nikahamia sebuleni. Nimeloweka chakula chake cha punje kikawa uji, namlisha kwa bomba la sindano lisilo na sindano, napitishia pembeni ya mdomo nyuma ya yale meno ya mbele, yeye ananitemea kwenye khanga huku kaniangalia kwa jicho la mtu anayejua vizuri kabisa nimemfanyia nini. Kila nusu saa nawasha tochi ya simu napekua gazeti kutafuta kinyesi. Nikiona kitu cheusi cha mviringo nashtuka kwa furaha, kumbe herufi O ya kichwa cha habari.

Saa tisa usiku uvumilivu ukaisha, nikaandika kwa mkono mmoja: "Samahani dokta kwa usiku huu. Mzee tangu mlipomtoa korodani jana hajala wala hajapata choo. Nimemlaza kwenye taulo, nikimlisha kwa bomba anatema. Mwenzake nimemtenga kama ulivyosema ila bado anamtamani."

Kimya. Hajajibu.

Saa kumi na kitu namuona Mzee kainamisha kichwa katikati ya mapaja, anatafuna. Nikajua anakula nyuzi! Nikaruka, stuli chini, uji chini. Kumbe anakula mavi yake, yale laini, anayachukua hukohuko yanakotokea, na kwa sungura hiyo ni kawaida kabisa, bila hayo chakula chake hakijamfaa vizuri. Afu akasogea hatua mbili, akaangusha tatu ngumu za duara, juu ya ukurasa wa michezo. Jamani nililia. Nikaandika: "Dokta Mungu ni mwema!! Mzee kanya! Tatu ngumu, zile laini kazila mwenyewe 😂😂"

Nikalala hapohapo kwenye mkeka.

Saa kumi na moja na nusu simu inaita, mama mkwe, anatetemeka sauti. "Mwanangu... mmemfanya nini mwanangu?"

Mwili ukaniisha nguvu. Nafungua simu, meseji zote mbili ziko kwenye grupu la kamati ya harusi ya wifi yangu. Watu 64, mchungaji ndani. Na mimi mume wangu namwita Mzee, tena juzi yake tu nilikuwa nimeandika humohumo "Mzee yuko Dodoma, mchango atatuma Ijumaa." Wifi kaandika "kumbe Dodoma ilikuwa hospitali." Baba mkwe, mtu asiyeandikaga kitu, kaandika maneno mawili tu: "Nani kasaini?" Mtunza hazina ndo alinimaliza: "Poleni sana familia. Ile ahadi ya laki mbili iko palepale?"

Na mume wangu alikuwa kazima simu, analala zake.

Nikapiga picha ya Mzee kwenye taulo, anatafuna majani ya karoti, nikatuma na maelezo marefu kama barua ya mahakamani. Wakacheka mpaka saa nne. Daktari naye alipopata meseji yake, safari hii kwenye namba yake, akajibu "vizuri, endelea na dawa ya maumivu."

Ila kuna mjomba mmoja, grupu anasomaga juu juu. Jumamosi kwenye kikao mume wangu kaingia na begi, katoka stendi moja kwa moja. Mjomba akanyanyuka, akatoa mto kwenye kiti chake akauweka kwenye kile cha jirani, akamshika mkono.

"Kaa hapa baba. Taratibu, taratibu."