Bosi Karudi Semina

Bosi wangu akienda semina, mimi mgongo huanza kuniuma siku mbili kabla hajarudi. Sijawahi kukosea.

Safari hii karudi na saa. Si ya mkononi, ni ile ya kubonyeza, kama ya mwalimu wa mbio. Kasimama mlangoni mwa ghala, mimi na mfuko wa saruji begani, kilo 50, nikasikia "tk!" Nikasimama nimwamkie. "Shikamoo bosi." Akasema, umepoteza sekunde nne. Jamani, hata shikamoo siku hizi ni hasara kwa kampuni!

Eti ni sayansi. Mhandisi wa Kimarekani, Frederick Taylor, aliwapimia muda wabeba vyuma wa Bethlehem Steel, Pennsylvania, mwaka 1899. Mtu aliyekuwa akipakia tani 12 na nusu kwa siku akafikishwa tani 47 na nusu. Bosi alipoitaja 47 akatutazama mmoja mmoja, kama mchinjaji anavyotazama mbuzi mnadani.

Lakini Mungu si Athumani. Kabrasha la semina lilitupwa, akaliokota mama muuza vitumbua. Asubuhi kitumbua changu kimefungwa ndani ya Taylor. Nikapangusa mafuta, nikasoma. Kumbe yule mbeba vyuma alipandishiwa ujira, kutoka dola 1.15 hadi 1.85 kwa siku! Bosi kabeba saa tu, zile senti 70 kaziacha hukohuko Pennsylvania. Upande wa pili wa karatasi nikakuta mafundi wa karakana ya silaha ya serikali kule Watertown, Massachusetts, waligoma mwaka 1911 kwa ajili ya saa hiyohiyo, mpaka Bunge lao likaunda kamati. Nikampa mzee wa zamu yetu asome. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema sisi hapa, Mwongozo wa TANU, chama tawala, uliokemea viongozi wenye majivuno, ulipotoka mwaka 1971, kuna viwanda meneja mwenye maringo alifungiwa nje ya geti. Kisha akachungulia mlangoni, akashusha sauti.

Na hii si mara ya kwanza. Mwaka jana semina ilikuwa ya Hawthorne, kiwanda cha vifaa vya simu cha Western Electric karibu na Chicago. Miaka ya 1920 watafiti waliwaongezea wafanyakazi mwanga, kazi ikapanda. Wakaupunguza, kazi ikapanda tena! Wakabaki wanakuna vichwa. Baadaye mtafiti Elton Mayo na wenzake wakasema watu huchapa kazi wakijaliwa, wakiulizwa maoni yao, wakiwa na wenzao wanaoelewana nao. Maneno matamu hayo yote bosi kayaruka. Alichoshika ni "wakapunguza taa." Kesho yake balbu tatu zimeshushwa. Luku ikapona, kidole changu cha mguu hakikupona. Ujumbe wa kuulizwa maoni nadhani ulifungiwa karanga.

Sasa nasikia mwezi ujao anakwenda Morogoro kusomea nadharia X na Y za Douglas McGregor, profesa wa Kimarekani, za mwaka 1960. X inasema binadamu mvivu, asukumwe. Y inasema kazi anaipenda kama mchezo, aachiwe ajisimamie. Najua atarudi na zote mbili: tusukumwe mchana, tujisimamie usiku bila ovataimu.

Nimeshamwona mama wa vitumbua. Nimeagiza vinne, na nimemsihi anifungie kwenye ukurasa unaotaja mshahara.